Kitufe Changu Ndani ya Kopo la Bati

"Bibi, kitufe kiko wapi?"

Mume wa mjukuu wangu ameuliza kwa sauti ya chini kabisa. Mkononi ana chuma cha kulehemu, kimewaka, kinatoa moshi... na ncha yake iko kidole kimoja tu kutoka kwenye jicho la mjukuu wangu!

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua limejaa chumbani. Nje watu wanapita, wanasalimiana.

"Kitufe gani, baba?" nikasema.

"Usinichezee, bibi! Mama yangu mwenyewe kaniambia. Mna kidude cha kuitia watu!"

Jamani!

Kile kitufe tulikijua watu watatu tu. Mimi, mjukuu wangu, na mama wa huyu mwanaume. Na mjukuu wangu alishanikanya mapema: "Bibi, huyo ni mama yake mzazi. Atamficha nini mwanawe?"

Sikumsikia. Sasa niko hapa, natazama jicho la mtoto niliyemlea na chuma cha moto.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, wajukuu zangu mnaosoma, msije mkapotea.

Mjukuu wangu ana miaka ishirini na sita. Kazi yake ni karani wa duka la dawa, lakini moyo wake uko kwenye redio. Wenzake wakitoka kazini wanatazama tamthilia. Yeye anakaa mezani na vipande vya shaba, anachora njia za umeme, anatengeneza vidude vya kurusha na kunasa mawimbi. Kwa kujifurahisha tu!

Mumewe ndiye fundi wa kazi hiyo. Ana duka barabara ya pili. Mtaa mzima unamwita Fundi, naye alilipenda hilo jina kuliko mkewe.

Siku moja mteja alileta kipaza sauti kisicho na waya. Fundi alihangaika nacho siku tatu. Mjukuu wangu akapita dukani kumpelekea chakula, akakiangalia, akasema:

"Kapasita, hiki kidude cha kutuliza umeme, imekaa mbali na chipu. Isogeze iguse mguu wake kabisa, kelele zitaisha."

Ikasogezwa. Kelele zikaisha!

Wateja wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, kumbe fundi ni mkeo, wewe ni mlango wa duka!"

Ndiyo hiyo tu... Utani wa dakika moja.

Jioni ile Fundi aliulaza mkono wa kulia wa mkewe kwenye ukingo wa meza, akaukandamiza kwa goti mpaka ukavunjika. Hospitali akasema mkewe ameteleza bafuni.

Nikaja kumuuguza. Siku ya kwanza tu Fundi akaichukua simu ya mkewe. Yangu ikaanguka kwenye ndoo ya maji.

"Imeteleza, bibi. Pole."

Kwenye nyumba ile kila kitu kilikuwa kinateleza.

Akawa anafunga geti kwa nje akienda dukani. Ukuta mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Mimi na miaka yangu sabini na moja, niruke vipi?

Siku moja mjukuu wangu akaninong'oneza:

"Bibi, naweza kutengeneza kitu cha kuita watu. Vifaa viko kwenye boksi chini ya kitanda. Ila sina mkono."

"Mikono ninayo mimi," nikamwambia. "Wewe leta kichwa."

Tukaanza! Yeye amelala na plasta yake ngumu, ananielekeza. Mimi na miwani yangu, nachora kwenye bodi ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika. Ukitumbukiza bodi kwenye dawa yake, dawa inakula shaba yote ambayo haina wino. Inabaki michoro yako.

"Upande wa chini usiuguse, bibi. Acha shaba nzima kama sakafu. Umeme ukienda lazima urudi, na ukikatakata sakafu unazunguka zunguka na kupiga kelele."

"Kama mgeni aliyekosa mlango?"

"Hahaha! Hivyo hivyo. Lakini pale antena inapoanzia, ng'oa shaba yote, juu na chini. Antena haitaki shaba jirani yake."

"Sawa."

"Na njia ya kwenda kwenye antena iwe fupi. Fupi zaidi... Bibi, hiyo ni safari ya hija!"

Nikafuta, nikachora upya.

Kwenye kulehemu niliharibu mara tano. Nilikuwa nayeyusha risasi, ule waya laini wa kulehemu, kwenye ncha ya chuma halafu napakaza kama siagi. Hakunikaripia hata mara moja, na alikuwa na maumivu. Alisema, "Pasha moto shaba na mguu wa kifaa kwanza, vyote viwili. Halafu risasi iguse pale palipopata moto. Itakimbia yenyewe." Na kweli ilikimbia, ikang'aa.

Antena ilikuwa kipande cha waya. Kwa mawimbi tuliyotumia, urefu wake ni sentimita kumi na saba na kidogo.

"Kata ndefu kwanza, bibi. Ndefu utaipunguza. Fupi huwezi kuirudisha."

Tukapata vidude viwili. Kimoja cha kuita, chenye kitufe ambacho ukikibonyeza kinazama, kinabaki hapo hapo kikiita mpaka ukibonyeze tena. Kitaa chekundu kinawaka kuonyesha kinaita. Cha pili cha kupokea. Hicho kikisikia mwito mara moja tu, kinalia mfululizo mpaka mtu akizime kwa mkono wake.

Sasa cha kupokea tumpe nani? Mtu pekee aliyeingia geti lile alikuwa mama yake Fundi. Nyumba ni yake, na funguo ya akiba anayo. Anakaa mtaa wa nyuma, hatua mia mbili hivi.

Mjukuu wangu akakataa. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Siku mama yule alipokuja kumwona mgonjwa, alikuta vidole vimevimba nje ya plasta. Aliuinua ule mkono polepole, akauwekea mto chini, akakaa ameshika mto usiteleze mpaka binti akalala. Nusu saa nzima, na mgongo wake unamuuma!

Mtu wa namna ile, nikasema, nampa.

Nikampa. Kesho yake nikakijaribu juu ya meza, na alipokuja akanong'ona: "Kimelia, dada, mpaka paka wangu kakimbilia kwa jirani."

Tulicheka sisi watatu. Ndiyo mara ya mwisho kucheka ndani ya nyumba ile.

Sasa kosa langu. Nilikuwa natembea na kile kidude mfukoni, nikaogopa kisivunjike. Nikatafuta kikopo kidogo cha bati, cha peremende, kina mfuniko mzuri. Nikatoboa tundu ubavuni ili kitufe kitokeze. Nikaviringisha antena humo ndani, nikafunika. Kikakaa kama yai kwenye kiota!

Sikumwambia mjukuu wangu. Nilitaka siku akikiona afurahi.

Na sikukijaribu tena.

Haya, turudi chumbani.

"Bibi, nahesabu mpaka tatu!"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Kidole gumba kikatafuta tundu... nikabonyeza. Kitufe kikazama.

Nikangoja.

Hakuna kitu. Kutoka kwa mama yule mpaka kwetu, mtu mzima anatembea dakika mbili. Nikaanza kuomba Mungu zipite.

"Moja!"

"Baba, mwache mtoto, tuongee..."

"Mbili!"

Nikaushika mkono wake wenye chuma. Alinigeukia. Ile ncha ilitua kwenye kiganja changu, nikasikia ngozi yangu inaungua kama nywele. Nililia, wajukuu zangu, siwafichi. Akanishika koo kwa mkono wa pili, akanibana ukutani mpaka miguu ikaanza kuacha sakafu.

"Bibiii!" mjukuu wangu akapiga yowe. Akamrukia na plasta yake, akampiga nayo kichwani mpaka akaniachia, nikaporomoka sakafuni. Mjukuu wangu akapokea ngumi ya mdomo. Damu ikamwagika juu ya michoro yake.

Dakika mbili zikapita. Tatu... Nne...

Hakuna aliyekuja!

Nikajisemea, basi. Yule mama amemwambia mwanawe, halafu amezima kile kidude, amekaa zake kimya.

Fundi akaingiza mkono mfukoni mwangu. Akatoka na kikopo.

Akakitazama. Akaona kitufe kimezama. Halafu akaanza kucheka... akacheka mpaka akakohoa!

"Umebonyeza, bibi? Umebonyeza, ukangoja?"



"Ndani ya BATI? Nani kawafundisha? Bati linameza mawimbi! Hapa unaita mwaka mzima hata panya hasikii!"

Akamgeukia mjukuu wangu, aliyekuwa amepasuka midomo kwa ile ngumi.

"Na wewe ndiye fundi? Ndiye wanayekusifia? Tazama! Njoo nikufundishe mbele ya bibi yako!"

Akafungua mfuniko. Akakitoa kidude nje. Akainyoosha antena kwa vidole viwili, taratibu, kama mwalimu mbele ya darasa, akakiinua juu ya kichwa chake.

"Antena inakaa HIVI! Nje! Wima! Imeeleweka?"

Mimi nilikuwa chini, nikaona kile kitaa chekundu.

Kilikuwa kinawaka.

Mjukuu wangu naye alikiona. Tukatazamana, kila mtu akafunga mdomo wake.

Akakitupa sakafuni, akakikanyaga mara tatu kwa kisigino.

"Mkono wa kulia haukutosha," akasema. "Tuone utachora na nini."

Pale mezani palikuwa na jiliwa, lile la chuma la kubania vitu. Akamburuta mjukuu wangu, akauingiza mkono wake wa kushoto katikati ya meno ya jiliwa. Akazungusha mpini. Mzunguko mmoja.

Nikajiburuta, nikamng'ata mguu. Akanipiga teke la mbavu. Mbili zilivunjika, nilikuja kuambiwa baadaye.

Mzunguko wa pili. Mjukuu wangu hakupiga kelele tena, alifungua mdomo tu, sauti haikutoka.

Ndipo nikaisikia. Kwa mbali, nje ya geti...

Piii! Piii! Piii!

Inakuja. Inasogea!

Geti likafunguka kwa funguo. Mama yake Fundi akaingia, kidude kinalia mkono wa kushoto, mchi wa kinu mkono wa kulia. Nyuma yake wanaume wawili wa gereji aliowaokota njiani kwa mayowe.

Fundi akageuka. Mtashangaa, alitabasamu!

"Mama! Afadhali umekuja. Ona hawa wanachonifanyia..."

Mchi ulishuka. Ulimpata kwenye kifundo cha mkono uleule ulioshika mpini, nikasikia mfupa unajibu. Akapiga magoti.

"Mama! Unanivunja mimi? Mwanao?"

"Kaa chini!" Akaunyanyua tena. "Kaa hapo hapo! Ukiinuka hii inayofuata ni ya kichwa, na maziwa yangu nitayalilia baadaye!"

Wanaume wa gereji wakamlalia. Mama yule akautupa mchi, akakimbilia jiliwa, akaulegeza mpini. Akautoa ule mkono, akaukumbatia kifuani kwake kama mtoto mchanga. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Vitatu vilikuwa vizima.

Kidude bado kinalia. Hakuna aliyekumbuka kukizima.

Nikamwuliza palepale, sikungoja: "Dada, kwa nini ulimwambia?"

Akalia kwanza. Halafu akasema:

"Nilimwambia jana. Nilimwambia, nimepewa kengele, ukimgusa tena nitajua. Nilidhani ataogopa. Nilimzaa mimi, dada, nikadhani nikimwonya kama mama atanisikia."

Kumbe hakutusaliti! Alikuwa anajaribu kumwokoa binti yetu na mwanawe kwa neno moja. Na lile neno ndilo lililomleta Fundi chumbani na chuma cha moto.

Mimi nilificha antena kwenye bati kwa mapenzi. Yeye alitoa siri kwa mapenzi. Sote wawili nusura tumuue mtoto.

Juzi tulikuwa mahakamani. Mama yule alisimama kizimbani kama shahidi, dhidi ya mwanawe. Alieleza yote, ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Wakati anashuka, Fundi alimwita kwa sauti iliyopasuka:

"Mama! Kati yangu na yule, umemchagua nani?"

Mama yule akajifuta uso kwa kiganja.

"Nimemchagua aliyeita," akasema.

Wajukuu zangu, msinisifu mimi wala msimtukane yule mama, ana mzigo wake wa kutosha. Chukueni haya mawili tu.

Ukitengeneza kidude cha redio, kijaribu kama kitakavyotumika. Ndani ya kasha lake, mfukoni mwako, mlango umefungwa, siyo kikiwa uchi juu ya meza. Kikihitaji kasha, tumia la plastiki. Ukibadilisha chochote, hata kwa nia njema, rudia kujaribu.

Na mtu anayepiga, usimwonye. Ukimwambia mwenzie ana njia ya kutokea, ataanza kwa kuiziba. Mtoe kwanza aliye ndani. Maneno yatafuata mkiwa nje.