Peni Iliyokunjuliwa

Kikohozi kilitoka ndani ya visikizio. Royston Larter alikuwa ameketi katika banda lake la vifaa nyuma ya nyumba, anakwangua tope kwenye sahani ya mashine yake ya kutafutia madini, na mashine yenyewe ilikuwa imezimwa. Betri alikwisha kuzitoa na zilikuwa mezani mbele yake. Visikizio vilimning'inia shingoni. Mtoto akakohoa humo, kikohozi cha kifua kilichojaa, kisha akavuta pumzi kwa taabu kama anayeinyonya kupitia nguo iliyoloa.

Royston akavivua, akavitazama, akachomoa na waya. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa matrekta mpaka akastaafu, na alijua kwamba waya usioshikana na kitu hausemi. Akajiambia kuwa ni redio ya jirani. Jirani wa karibu alikuwa mkulima Neville Bunn, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mashamba mawili.

Kisa kilianza kwa Bunn huyohuyo. Shayiri ilikuwa imevunwa na plau imekwisha kupita, na Bunn, kama kila mwaka, alimruhusu Royston na rafiki yake Clifford Gotts kutembeza mashine zao katika shamba la bondeni, kwa masharti ya siku zote: kila shimo lifukiwe, na kitakachopatikana aonyeshwe. Clifford, aliyekuwa tarishi zamani, alisikia Royston akipiga mluzi akaja mbio akivuta buti zake kwenye tope.

"Enhe, mzee, umepata kifuniko kingine cha soda?"

"Njoo uone kwa macho yako, halafu ukalie nyumbani kwako."

Ilikuwa peni, sarafu ya fedha ya wafalme wa kale, nyembamba kama gamba la samaki, na ilikuwa imekunjwa katikati, nusu moja imeilalia nyingine. Clifford aliiangalia na mzaha ukamwisha.

"Imekunjwa hiyo. Iache hivyohivyo."

"Plau imeikunja."

"Plau hukwaruza, Roy. Haikunji kitu vizuri namna hii. Huo ni mkono wa mtu. Wenzetu wote wakizipata huziacha zilivyo. Usiniulize sababu, aliyenifundisha aliniambia, naye aliambiwa."

"Sema tu unaogopa nitakunyang'anya kikombe."

Kila mwezi wanachama wa klabu yao walipanga mezani vitu walivyochimbua, wakapiga kura, na aliyeshinda alichukua kikombe. Clifford alikuwa amekaa nacho mpaka mkewe akakizoea, akawa anakitumia kulowekea meno yake ya bandia. Royston hakuwahi kukishika. Na peni iliyokunjwa ni kipande cha bati machoni pa watu, maana sura ya mfalme imefichwa ndani.

Kwa hiyo aliinyoosha. Aliipasha moto polepole juu ya jiko, akafunga kitambaa kwenye meno ya plaizi, akaifungua kwa subira ya fundi. Ilipofunguka ilitoa mlio mdogo, mithili ya mtu anayeshtuliwa usingizini, na jikoni pakanuka sufu mbichi na moshi wa mafuta ya kondoo. Mkewe, Avis, aliyekuwa akimenya viazi, alikunja pua.

"Umechoma nini, baba wee?"

"Sijachoma kitu. Mtazame mfalme huyu."

Mfalme alikuwa mzima, na macho yake na mashavu yake. Royston alishinda kikombe. Asubuhi iliyofuata ndipo kikohozi kilipoanza.

Jumapili walikuwa mezani wakila nyama ya kuchoma na mchuzi. Avis akaweka uma chini.

"Nani amemwacha mtoto nje kwenye baridi hii?"

"Mtoto gani?"

"Huyo. Husikii? Yuko chini ya dirisha."

Royston alikuwa anasikia. Alikuwa akisikia tangu asubuhi. Akasema hasikii kitu, akaendelea kutafuna, na nyama ikamkaa mdomoni kama kitambaa.

Jioni ile Avis alishikwa na homa. Daktari alikuja akampima, akasikiliza mgongo, akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi na ni mafua ya majira. Lakini alipokuwa anafunga mkoba wake kikohozi kililia chumbani, na midomo ya Avis ilikuwa imefungwa. Daktari aliwatazama wote wawili, akakumbuka kuwa ana mgonjwa mwingine, akaondoka bila kunywa chai aliyokwisha kumiminiwa.

Harufu ya sufu mbichi ilipanda ngazi ikaingia kwenye mashuka. Avis alikonda hata pete ikawa inamtoka kidoleni.

"Royston," alisema kwa sauti ya chini, "kuna mwanamke anakuja kunitazama. Haniangalii usoni. Ananiangalia hapa." Akaweka mkono kifuani. "Kama mtu anayetazama kitanda kilicho wazi."

"Ni homa hiyo, mpenzi."

"Homa haina mikono, mume wangu. Yeye anayo, na ina udongo."

Siku ya pili yake, mchana, ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na Royston alipokwenda dirishani kuvuta pazia alimwona, katika shamba la bondeni, mwanamke aliyejitanda nguo nzito ya rangi ya udongo, ameinama, anakwenda mfereji kwa mfereji, anapapasa kila tuta la plau kwa viganja vyake kama mtu aliyedondosha kitu gizani na anakitafuta kwa kugusa, ingawa ulikuwa mchana na mwanga ulikuwepo. Naye Royston alisimama pale, pazia mkononi, akitaka kujiambia kuwa ni mfanyakazi wa Bunn, mpaka mwanamke yule alipofika ukingoni mwa shamba, pale hasa ilipotoka peni, akaacha kupapasa, akanyanyua kichwa, akaigeuzia nyumba uso ambao macho yake yalikuwa yamejaa udongo hadi kwenye kope, na nyuma ya Royston, kitandani, Avis akageuza kichwa vilevile, kwa wakati uleule, kuelekea dirishani.

Royston alimpigia simu Clifford. Clifford hakufanya mzaha wala hakusema nilikuambia. Alimleta Kasisi Judith Mace, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea tope, aliyekuwa akihudumia vijiji vya upande ule. Alinusa hewa mlangoni, akauliza mara moja:

"Bwana Larter, umetoa nini ardhini?"

Royston akampa peni. Kasisi aliipokea kwenye kiganja, akauona mstari wa kunjo uliokatiza shingo ya mfalme, akafumba macho.

"Nani ameinyoosha?"

"Mimi."

"Zamani huku kwetu mama akiuguliwa na mwana alichukua peni, akaikunja juu ya kichwa cha mtoto huku akilitaja jina la mtakatifu. Ikishakunjwa si pesa tena, ni nadhiri. Mtoto akipona, peni ilipelekwa kanisani. Asipopona, wengine walimwekea mkononi, akazikwa nayo. Na kwenye shamba lile la bondeni palikuwa na kijiji na kanisa lake, kabla tauni haijakimaliza."

"Basi nitaikunja tena," Royston alisema. "Niliikunjua, nitaikunja."

"Ngoja kwanza tuombe..."

Hakungoja. Akatoa plaizi mfukoni, akaibana peni palepale kando ya kitanda, juu ya kichwa cha mkewe, akaikunja. Fedha ya kale haivumilii kupindwa mara tatu. Ikakatika vipande viwili katika mstari uleule, na kichwa cha mfalme kikaanguka juu ya mto.

Avis akaketi. Tangu wiki ile ianze hakuwa na nguvu ya kunyanyua kijiko, naye aliketi wima bila kushika kitu. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa nzito na ya polepole.

"Ilikuwa mkononi mwake. Kwa peni hiyo nilimjua gizani. Wengine walilala bila alama, mimi wangu alikuwa na alama. Plau zikapita, zikamtawanya, nami nikaishika alama nikamngoja. Wewe ukaichukua ukaionyesha watu wakapiga makofi."

Clifford alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. "Yesu wangu," alinong'ona. "Roy, omba radhi. Omba radhi, mtu wewe!"

"Nisamehe, mama," alisema Royston. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Nisamehe. Unataka nini?"

"Namtaka Hamo, mwanangu. Umemwamsha, sasa anakohoa na simwoni. Mlete. Kila siku usiyomleta nitalala katika huyu, maana hapa ndani pana joto."

Kasisi akainua msalaba wake, akaomba kwa sauti thabiti, akamwamuru atoke kwa jina la Bwana. Avis akamtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayemwimbia.

"Nilimwomba huyohuyo," ile sauti ikasema, "na peni nilimpa." Akalala.

Kule chini, jikoni, Kasisi alimshika Royston mkono. "Nisikilize, ndugu yangu. Usiende kuchimba. Si halali kuchimba mifupa ya watu bila kibali, na hilo ndilo dogo. Hujui walioko mle. Nipe muda, nitamwita askofu, tutasoma ibada ya maziko shambani, kwa wote kwa pamoja."

"Lini?"

"Wiki hii. Ijayo, ikichelewa."

Juu, kikohozi kililia, na safari hii kilitoka mdomoni mwa Avis, na kilikuwa na damu.

Royston alichukua mashine yake akaenda shambani. Aliitembeza pale ilipotoka peni, mbele na nyuma, na ikalia kwa misumari, kwa kifungo, kwa kipande cha kiatu cha farasi. Ndipo alipoelewa kazi aliyopewa. Mashine ile husikia madini. Mfupa haulii. Kwa miaka yote alikuwa amekwenda juu ya watu hawa akisikiliza pesa zao tu. Akaitupa kando, akachukua sepetu, na sepetu ilipokuwa kubwa mno akachukua mwiko wa bustani, na mwiko ulipomtia hofu ya kuvunja kitu akachimba kwa vidole.

Alipochimba, Avis alipata nafuu. Clifford, aliyekaa naye, alipiga simu kusema Avis amekunywa supu, amecheka, ameuliza mumewe yuko wapi. Royston akanyoosha mgongo kupumzika, na simu ikalia tena: "Usiache! Roy, usiache, amegeuka bluu!" Basi hakuacha. Bunn alikuja na trekta lake lenye mashine ya kupandia ngano, akapiga honi, akashuka akitukana.

"Una wazimu, Larter? Shamba langu unaligeuza kuwa kaburi?"

Royston alinyanyua uso, na Bunn alipouona akarudi kwenye trekta, akafunga mlango, akaligeuza.

Alasiri, ukungu ulipoanza kushuka tena, vidole vyake viligusa kitu laini na cha mviringo, chembamba kama kikombe cha udongo. Kilikuwa kichwa cha mtoto mchanga. Kando yake palikuwa na mbavu, nyembamba kama vijiti vya ufagio. Alivitoa vyote akilia, akavikunja katika koti lake, akavuka shamba mbio huku amevikumbatia kifuani, akavuka ua, akapita jikoni akiwa na buti zake za tope, akaacha kila mlango wazi nyuma yake, akapanda ngazi.

Avis alikuwa ameketi, amenyoosha mikono. Clifford alisimama kando yake, machozi yakimtiririka.

"Nimemleta," Royston alisema. "Mama, nimemleta. Mchukue, uniachie mke wangu."

Akaweka koti mapajani pake. Yule aliyekuwa ndani ya Avis akalifunua, akapitisha kidole polepole juu ya paji lile dogo, akaenda hadi kwenye taya, akapapasa mahali pa vijino ambavyo vilikuwa havijaota. Akalifunika tena kwa upole.

"Huyu si wangu," akasema. "Hamo alikuwa ana meno."

Harufu ya sufu mbichi ilipanda upya, lakini haikutoka kitandani. Ilitoka chini, kwenye milango iliyoachwa wazi. Clifford aliisikia kwanza, akamshika Royston begani. Mtu alikuwa anapanda ngazi kwa miguu iliyoloa, akipapasa ukuta kwa viganja, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake wengine. Na sauti ya mwanamke wa pili, changa zaidi kuliko ile ya kwanza na yenye hasira zaidi, ikasema mlangoni:

"Huyo ni wangu. Nani amemtoa kitandani?"