Boksi Linalolia

Huko Murangi, Nyangi huianza siku kwa ndoo mbili za maji kutoka ziwani. Akishafagia uwanja na kunywa uji, huvaa sare na kukimbia shuleni, ambako anasoma darasa la sita. Njiani hukutana na wachuuzi wanaotafuta nyumba za wavuvi, naye huwaelekeza kama kila mtu wa Murangi anavyoelekeza: "Shuka ziwani, halafu kata kushoto," au "Panda, liache ziwa mgongoni." Kijijini kwao hakuna aliyewahi kupotea, kwa sababu ziwa liko upande mmoja na mashamba ya mihogo yako upande mwingine.

Likizo ya Juni ilipofika, baba yake, mzee Florian, alimpeleka Musoma kwa shangazi yake Anastazia, aliyeishi Nyakato. Shangazi alikuwa fundi cherehani na kibanda chake kilikuwa mjini, karibu na soko. Kwa siku tatu Nyangi alikaa hapo akishona vifungo na kuutazama mji ukipita. Siku ya nne alishindwa kuvumilia.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "naomba nikatembee. Peke yangu."

Shangazi Anastazia alisimamisha cherehani. Alimtazama, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana.

"Sawa. Una akili na una mdomo wa kuulizia. Lakini saa tisa kamili nikuone hapa. Ukichelewa, likizo yote iliyobaki ni wewe na vifungo."

Prosper, mtoto wa shangazi, aliyekuwa darasa la saba, alimsindikiza hatua chache. "Dada, nikupe siri," alisema. "Usishangae maghorofa, watajua umetoka Murangi. Na mtu akikuuliza kitu, jibu harakaharaka. Watu wa mjini hawasemagi 'sijui'."

"Na wasipojua?"

"Wanajibu hivyohivyo," Prosper alisema, akarudi zake akicheka.

Nyangi alitembea akiwa amenyoosha shingo kama mtu mwenye shughuli muhimu. Alipita maduka ya simu, akapita mashine ya kukamua miwa, akapita kongoti wanne, ndege wale wakubwa wenye upara, waliosimama juu ya paa wakiwa na sura za wazee wa baraza. Alitaka kucheka, lakini akakumbuka kwamba watu wa mjini hawawashangai kongoti. Alijisikia mkubwa. Hakuna aliyemgeukia, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko yote.

Kwenye njia panda alikutana na bibi mmoja mfupi aliyevaa kitenge cha bluu. Kichwani alibeba boksi lenye matundu, na boksi hilo lilikuwa likilia: pii, pii, pii.

"Shikamoo, bibi," Nyangi alisema, akikunja magoti kidogo kama alivyozoea.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni mwenyeji hapa?"

Maneno ya Prosper yalimjia. "Ndiyo, bibi."

"Mungu akubariki. Mimi naitwa Marieta, ninakaa ng'ambo, Kinesi. Nilikuwa Bunda kwa mwanangu, naye kanipa vifaranga hamsini. Wakati wa kwenda nilizunguka kwa gari, leo nimeambiwa nikate maji kwa boti. Boti za Kinesi ziko wapi? Nina haraka. Hawa ni wa siku moja, wakipigwa na baridi usiku wataisha wote. Mjukuu wangu ameshawasha jiko bandani, ananisubiri."

Nyangi hakujua boti za Kinesi ziko wapi. Lakini mwisho wa barabara, chini kabisa, aliliona ziwa likimetameta. Boti zingekuwa wapi kama si ziwani?

"Shuka hapa moja kwa moja, bibi, mpaka ziwani," alijibu harakaharaka. "Utaziona."

Bibi Marieta alimshukuru mara tatu, akashuka na boksi lake linalolia. Nyangi akaendelea na safari yake huku akijiona mwenyeji kabisa.

Alitembea upande wa pili, akapanda mahali penye mawe makubwa, akasimama kutazama mandhari. Hapo akaduwaa. Mbele yake kulikuwa na ziwa. Nyuma yake, kule alikomwelekeza bibi, kulikuwa na ziwa pia. Musoma ilikuwa imejichomeka ndani ya maji, na ziwa lilikuwa pande zote mbili.

Alishuka mbio hadi kwenye maji ya upande huu. Ulikuwa mwalo wa Mwigobero, mahali boti zinapotia nanga, na kijana mmoja aliyevaa koti la kuokolea maisha alikuwa akiita, "Kinesi! Kinesi ya mwisho!"

"Kaka, hizi ndizo boti za Kinesi? Hakuna nyingine upande ule?"

"Upande ule kuna akina mama wanafua," alisema yule kijana, ambaye wenzake walimwita Keraryo. "Sisi tunang'oa nanga saa tisa. Baada ya hapo ziwa linachafukaga, hatuvuki mpaka kesho."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

Nyangi aligeuka kuitazama njia aliyoshukia. Akirudi kwa shangazi sasa, angefika mapema na hakuna ambaye angejua. Kesho angeruhusiwa kutembea tena. Lakini vifaranga hamsini wangelala kwenye baridi ya ufukweni, na bibi pamoja nao.

"Kaka, kuna bibi anakuja. Msubirini, tafadhali. Nimempoteza mimi."

Keraryo alimtazama. "Nitamsubiri dakika tano, si zaidi. Kimbia."

Nyangi alikimbia akisahau kabisa kutembea kimjini. Alimuuliza kinyozi mmoja kando ya barabara, "Umemwona bibi mwenye boksi linalolia?"

"Boksi linalolia?" Kinyozi alishusha mashine yake. "Mtoto, umekunywa maji leo? Jua kali hili."

"Lina vifaranga."

"Ahaa. Ameshuka huko, kitambo."

Alimkuta Bibi Marieta ufukweni, amekaa juu ya jiwe katikati ya akina mama waliokuwa wakifua. Boksi alikuwa amelifunika kwa kitenge ili jua lisiwapige vifaranga.

"Kinesi kutokea hapa, bibi, labda uogelee," mama mmoja alikuwa akisema, na wenzake wakicheka. "Nani kakuleta huku?"

"Ni mimi," Nyangi alisema akihema. "Bibi, nisamehe. Nilikudanganya. Naitwa Nyangi, mimi si mwenyeji, nimetoka Murangi. Boti ziko upande mwingine na ya mwisho inaondoka saa tisa."

Alitegemea kugombezwa. Bibi Marieta aliinuka polepole akijishika kiuno.

"Nilijua wewe si wa hapa," alisema. "Ulinisalimia kwa kukunja magoti. Nikajiambia, huyu amelelewa, hawezi kunidanganya. Ndiyo maana sikumuuliza mtu mwingine."

Nyangi aliinamisha macho. Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

"Haya, beba boksi. Usilitikise. Kulia utalia baadaye."

Bibi hakuweza kukimbia. Lakini barabarani walimkuta mwenye mkokoteni mmoja aitwaye Hezron, akirudisha kreti tupu za soda sokoni. Aliposikia habari alipanga kreti upande mmoja na kusema, "Panda, bibi. Leo wewe ni bibi harusi." Bibi Marieta akapanda, akashika kingo mbili kwa heshima zote. Hezron akavuta, Nyangi akatembea upesi pembeni akiwa na boksi, na mtaa mzima ukageuka kutazama. Safari hii Nyangi hakujali nani anamtazama.

Pale Mwigobero kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Abiria walikuwa wakinung'unika. "Keraryo, kumbe tunasubiri kuku?"

"Tunasubiri bibi," alijibu Keraryo, akamshika mkono Bibi Marieta na kumkalisha.

Bibi alilipakata boksi, akachungulia ndani. "Wote wazima," alisema. "Nyangi, mmoja ana doa jeusi kichwani. Huyo nitampa jina lako, kwa sababu ndiye anayepiga kelele kuliko wote." Abiria wakacheka, na Nyangi naye akacheka, machozi yakiwa karibu.

Alifika kibandani saa tisa na nusu. Shangazi alikuwa amesimama barabarani, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Ulipotea?" aliuliza.

Lilikuwa jibu rahisi, tena shangazi mwenyewe ndiye aliyempa. Nyangi alilitazama, akaliacha.

"Hapana, shangazi. Mimi ndiye niliyempoteza mtu." Akaeleza yote, hata uongo wake. Prosper alianza kutafuta sindano chini ya meza, japo hakuna sindano iliyoanguka.

Shangazi aliwakalisha wote wawili.

"Mtu akikuuliza njia, amekukabidhi miguu yake," alisema. "Kama hujui, mwambie hujui, naye atamuuliza mwingine. Hilo halikupunguzii kitu. Ukweli ungechukua muda mfupi tu, Nyangi, lakini uongo umekukimbiza mji mzima. Nimefurahi umekwenda kuurekebisha mwenyewe."

"Na vifungo?" Nyangi aliuliza.

"Umechelewa, kwa hiyo kesho ni vifungo. Utashona na Prosper, mwalimu wako wa mambo ya mjini. Keshokutwa utatembea tena."

Keshokutwa ilipofika, Nyangi alitoka peke yake. Hakufika mbali kabla mama mmoja mwenye mtoto mgongoni hajamsimamisha na kumuuliza posta iko wapi.

"Sijui, mama, mimi ni wa Murangi," alisema Nyangi, akikunja magoti kidogo. "Lakini yule kinyozi anajua mji. Twende tukamuulize."

Kinyozi aliwaona wakija, akashusha mashine yake. "Leo," alisema, "kinacholia ni nini?"