Saruji Kwenye Ukuta wa Kibla

Ukuta wa kibla ulikuwa unatoka jasho, na kiangazi kilikuwa kimekausha hata visima vya Buseresere. Mwahija akapangusa lipu kwa kidole, akanusa. Damu mbichi.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza chokaa ya misikiti ya zamani: anabandua kipande, anakipima, kisha anamwambia fundi achanganye nini kifanane nayo. Fundi mwenyewe alikuwa mumewe, Majaliwa, mtu wa haraka zake, ambaye hakungoja vipimo. Alikuwa ameshaziba ufa kwa saruji.

"Baba Wema, saruji juu ya chokaa? Ukuta utapumulia wapi?"

"Ijumaa watu wanataka kuswali, mama. Kwani ukuta una pua?"

Imamu Salmini akaingia, akaiona saruji, akashika kichwa. "Nilikwambia huo ufa usiuguse! Wazee walimfunga jini humo kwa chokaa na Yasini, wakamwachia hewa ili atulie!"

Majaliwa akacheka, akaweka kiganja alainishe saruji yake. Mkono ukazama.

Ukazama hadi kwenye bega, saruji ikakauka papo hapo ikambana, na ndani ya ukuta kitu kikaanza kupiga, du, du, du, na kila pigo lilivunja mfupa.

"Mama Wema, nitoe! Ananitafuna!"

Mwahija akashika tindo na nyundo. Alijua kuliko yeyote mle ndani kwamba saruji ikibanduka huondoka na chokaa laini iliyo chini yake, alijua vizuri kabisa, lakini baba wa mtoto wake alikuwa anakufa mbele ya macho yake, basi akapiga, akapiga huku damu ikimrukia usoni na imamu akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti inayokatika, akapiga mpaka saruji ikang'oka bamba zima na chokaa yote ya wazee ikaporomoka nayo, likabaki shimo jeusi kwenye udongo.

"Umemfungulia," imamu akanong'ona, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Mwahija hakumjali. Majaliwa alikuwa amemwangukia kifuani, mkono wa kulia ukining'inia vipande vipande, wa kushoto umemkaba shingoni, akilia kwikwi.

"Niko hai, mama."

"Alhamdulillahi," alisema, na furaha ikamjaa kweli. Angeubomoa msikiti mzima kwa ajili yake.

Hapo ndipo mkono mwingine, wa baridi, uliolowa chokaa, ulipompitia mgongoni taratibu, ukawakumbatia wote wawili.