Nyumba Iliyokosa Upepo

Mume wangu Lusenge ni mtu mwema. Anaamka mapema, anauza maharage sokoni, na Jumapili hakosi misa. Lakini akishika mwiko wa uashi, mimi nashika kichwa.

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Butembo, tuna nyumba ndogo ya kupangisha. Wapangaji waliingia, wapangaji wakatoka. Wote walilalamika vilevile. Asubuhi kichwa kinauma, tumbo linachafuka. Wakienda sokoni wanapona. Wakirudi kulala, kesho yake ni yaleyale. Mtaani watu wakaanza kunong'ona kwamba nyumba yetu ina pepo.

Na Lusenge alifanya nini? Alipaka rangi. Wapangaji wakaondoka. Akaita kikundi cha maombi, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kisha akapaka rangi tena! Buluu ileile, mlango uleule. Nilichoka hata kuuangalia.

Sasa walikuwa wanakuja wapangaji wapya kutoka Beni, Elsa na mume wake Sadrack. Elsa alikuwa amejifungua karibuni. Mama yake ni rafiki yangu tangu utoto. Alinipigia simu.

"Kanyere, minakuachia mutoto wangu na mujukuu wangu. Ubachunge muzuri."

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Kama nyumba ile ina kitu kibaya, kitamkuta mtoto mchanga.

Nikatoka uani. Nikamwona Lusenge juu ya ngazi, na ndoo ya simenti. Alikuwa anaziba matundu ya hewa juu ya madirisha. Zamani aliyaziba kwa matambara. Safari hii alitaka kazi ya kudumu.

"Papa Vagheni, unafanya nini?" nilimuuliza. Vagheni ni mtoto wetu wa kwanza.

"Batu ya Beni hawazoee baridi ya huku. Minafunga fasi yote baridi inapitia."

"Na hewa itapitia wapi?"

"Mulango si iko?"

"Bakilala, mulango itafungwa!"

"Mama Vagheni, acha maneno. Nyumba, miye ndiye minajua."

Nilitaka kuiondoa ile ngazi, Mungu anisamehe.

Aliposhuka, akanionyesha zawadi ya kuwakaribisha wageni. Ilikuwa mbabula mpya, jiko la makaa, au makala kama tunavyosema huku, lenye miguu mitatu.

"Bataweka mu chumba, baote moto," alisema. "Bale bapangaji bengine bote balikuwa nayo mu chumba." Uso wake uling'aa kama amezaa yeye.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Rangi mpya aliyopaka chumbani ilikataa kukauka. Lusenge akajiona mwenye akili. Akawasha mbabula ndani ya chumba, akafunga dirisha na mlango, akakaa kwenye mkeka kuilinda.

Ugali ulipoiva, nilimwita. Kimya. Nikamwita tena. Nikafikiri ananidharau kama kawaida yake. Nikaenda kwa hasira, nikausukuma mlango.

Lusenge alikuwa amelala chini, macho nusu wazi. Alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka kama mlevi, na yeye pombe haonji. Hasira yangu ikaisha palepale. Niliogopa sana. Nikapiga kelele.

Jirani yetu Agar, ambaye ni muuguzi, akaja mbio.

"Fungua mulango yote! Tumuvute inje, mbio!"

Tulimshika mikono, tukamburuta mpaka barazani. Hewa baridi ikampiga usoni. Akatapika.

"Ni ile pepo!" nililia. "Ile pepo ya nyumba!"

"Pepo gani, Mama Vagheni?" Agar alisema kwa ukali. "Ni makala! Makala ikiwaka mu fasi ya kufungwa, inatoka gaz moja mubaya. Hauione, hausikie harufu yake. Inaingia mu damu, inakamata nafasi ya hewa. Kwanza kichwa inauma. Kisha unatapika, unalegea, unalala. Na kuamka, hauamke."

"Mais, lakini... moshi haikukuwa," alisema Lusenge kwa sauti ndogo. Hawezi hata kusimama, bado anabisha!

"Ndiyo maana inaua batu," Agar alimjibu. "Makala ikikuwa nyekundu, bila moshi, munaiamini. Sasa twende ku centre de santé. Hapana kungojea."

Pikipiki ikatupeleka kituo cha afya. Walimpa oksijeni, wakamlaza huko. Mimi nilikaa kando ya kitanda chake, nikilia na kumgombeza kwa zamu.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Agar aliingia katika nyumba ndogo. Akatazama ile simenti juu ya madirisha. Akatikisa kichwa.

"Nyumba hii haina pepo," alisema. "Inakosa mupepo."

Lusenge akainua macho, akaitazama simenti yake.

"Fungueni matundu," Agar aliendelea. "Lakini musikie muzuri: hata matundu ikikuwa wazi, hata dirisha ikikuwa wazi, mbabula hailale mu nyumba. Mutoto muchanga inamuumiza mbio kupita bakubwa. Baridi ni ya blanketi, kofia na soksi. Na batu bengi mu nyumba moja bakiumwa kichwa pamoja, batoke inje kwanza, kisha baende kwa munganga ya hospitali."

Lusenge akapanda ngazi ileile. Akabomoa simenti yake mwenyewe kwa patasi na nyundo, akinung'unika. Akapigilia wavu wa mbu kwenye matundu. Uani akajenga kibanda cha mabati, kilicho wazi pande zote, cha kupikia. Mimi nilifagia vipande vya simenti, nikanyamaza. Kunyamaza huko kulinigharimu.

Elsa alipofika, nilimpa blanketi nzito, na Agar alimweleza hatari ya mbabula kabla hajafungua mizigo.

Leo mtoto wake anatambaa. Wanaamka vizuri, hakuna anayeshika kichwa. Juzi Elsa alikuwa uani akichagua mchele, mtoto akicheza miguuni pake.

"Papa Lusenge," aliuliza, "kwa soko bangali banasema nyumba yetu ilikuwa na pepo. Ni ya kweli?"

Lusenge akaitazama mbabula chini ya mabati, maharage yakichemka juu yake.

"Ni ya kweli," alisema. "Ile pale, iko na miguu tatu. Miye mwenyewe niliinunua kwa soko. Nilitaka nikupatie zawadi, uweke karibu na mutoto."

Nilifikiri Elsa atacheka. Hakucheka. Alimwinua mtoto wake kutoka chini, akamkumbatia kwa nguvu.