Mlango Aliouziba Mwiko

Haya yalimkuta rafiki yangu mwashi, tunayemwita Mwiko. Mji wao ulikuwa umekimbiwa na watu, na manispaa ikaamua kubomoa majengo matupu. Mwaka mmoja kabla, yeye ndiye aliyeziba milango ya majengo hayo kwa matofali.

Asubuhi ya kubomoa alitumwa kukagua jengo la mwisho. Ngazini mlikuwa na giza totoro. Alipofika juu, kwa mazoea tu akabisha hodi kwenye ukuta alioziba nao mlango.

"Karibu, mwanangu," sauti ya kikongwe ikamjibu kutoka ndani.

 Mwiko akampigia msimamizi simu. "Bosi, simamisha mashine! Nimemzibia mtu ndani!"

"Acha mzaha. Huko hakuna mtu," akajibiwa, na simu ikakatwa.

Chini tingatinga likanguruma. Mwiko akaushambulia ukuta kwa nyundo huku akilia. "Mama, vumilia! Nakuja!"

Tundu lilipopatikana, akapenyeza kichwa na tochi. Chumba kilikuwa kitupu, na vumbi la sakafuni halikuwa na hata unyayo mmoja. Lakini upande wa ndani wa ukuta wake, saruji ilikuwa bado mbichi, imejaa alama za viganja, vikubwa kwa vidogo.