Nafasi ya Ndayiragije

Picha ilipotoka, ile nafasi haikuwa tupu.

Winifrida aliliona hilo akiwa bado amesimama mlangoni kwa Khatibu, mpiga picha wa Kasulu mjini. Yeye alikuwa kulia, mumewe Tharsisi kushoto, na mbele ya Tharsisi binti yao mdogo, Aline, katika gauni la kanisani. Kati ya mume na mke walikuwa wameacha upenyo. Sasa ndani ya upenyo huo palisimama kitu cheusi, kimo cha mtoto wa miaka saba.

"Filamu imeungua," Khatibu alisema upesi, wala hakuulizwa.

Filamu gani hiyo, ikiungua inaota mabega? Lakini mama akitaka kuamini jambo, jamani, nani wa kumzuia? Winifrida aliibusu ile picha, akaificha kifuani.

Mwaka uliotangulia, walipokuwa wanakimbia vita Burundi, mto Malagarasi ulimchukua kifungua mimba wake, Ndayiragije. Winifrida alikuwa amemshika mkono, mkono ukaponyoka. Hawakupata hata mwili wa kuzika. Kisha akapatikana mtu wa kumpelekea bibi ya watoto picha kule kwao Ruyigi, ajue waliosalia wako hai, na Winifrida akang'ang'ania kwamba mtoto naye aachiwe nafasi yake.

Khatibu, mzaliwa wa Pangani, hakuwa na mzaha na saa. Picha za nje alipiga asubuhi jua likiwa changa, au saa kumi na moja jioni linapolainika. Jua la mchana, alisema, linawachimbia watu mashimo machoni. Na magharibi je? Magharibi alitia kamera mfukoni hata ungemlilia. Siku ile Tharsisi alichelewa sokoni na maharage yake, wakafika jua limekwisha zama nyuma ya vilima, umebaki wekundu tu.

"Rudini kesho, dada. Saa hii si ya watu."

"Mtu wetu anaondoka kesho, kaka. Nakuomba. Hata moja tu."

Khatibu akalegea, Mungu amsamehe. Akasihi angalau wasogeleane, wazibe ule upenyo. Winifrida akakataa katakata. Tena kamera ilipoinuliwa, akaugeukia upenyo akaita, kama mama yeyote anavyokusanya wanawe wapigwe picha, "Ndayiragije, njoo usimame hapa, mwana wanje, mwanangu."

Basi, akaja aliyekuja.

Picha haikwenda Ruyigi. Winifrida aliitundika juu ya kitanda cha Aline, na jioni hiyohiyo chumba kikaanza kunuka tope la mtoni. Aline akawa analala amejibana ukutani.

"Mbona umejibana hivyo?" mama yake alimuuliza.

"Kaka ana baridi," mtoto akajibu, polepole, asije akasikiwa.

Winifrida akafurahi! Ndiyo, alifurahi. Akaanza kupakua sahani moja zaidi na kuiweka kando ya kitanda, na ikawa kila jioni chakula kiko vilevile lakini kimelowa maji, na Aline ndiye anayekonda, na kule pichani uso wa Aline unafifia kama nguo iliyofuliwa mno, huku kile kitu cheusi kikipata masikio, kikipata shingo, kikipata shati la mistari alilovaa Ndayiragije siku ya mto, hadi jioni moja Winifrida akainua taa akakuta kimepata macho, na macho hayo hayaangalii kamera kama ya wenzake, yanamwangalia Aline.

Hospitali walimchoma Aline sindano za malaria, homa ikacheka. Tharsisi, mzee wa kanisa, alisali mpaka sauti ikakauka.

"Ichome hiyo picha, mama Aline."

"Nimchome mwanangu?"

"Mwanako ni huyu anayekufa!" Tharsisi akaangua kilio, mtu mzima, mbele ya mkewe. Kisha akaenda mwenyewe, na ukristo wake wote, kumbembeleza Khatibu awaletee shangazi yake, Bi Tunu, mganga.

Bi Tunu alikuja magharibi, saa ileile. Akaweka udi na ubani kwenye makaa, akasoma aliyoyasoma. Harufu ya tope ikaushinda udi. Maji yakaanza kudondoka sakafuni kando ya kitanda, tone, tone, na dari kavu kabisa.

"Ni jini, mwanangu. Limevaa jina ulilolitupa hewani," alinong'ona. "Nikilifukuza mimi, litarudi. Wewe ndiwe uliyelikaribisha. Liambie si mwanao."

"Siwezi, Bi."

"Basi muage huyu mdogo."

Winifrida akamtazama Aline. Midomo imepasuka, pumzi inakuja kwa kuombwa. Akafungua kinywa, na kabla hajasema neno, sauti ikatoka penye matone, sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe.

"Mama. Mbona unaniachia tena?"

Mana yanje, Mungu wangu! Akashika mbao za kitanda, akapiga kelele ili asijisikie, "Wewe si mwanangu! Toka! Sikujui, toka nyumbani kwangu!" Alirudia hayo, tena na tena.

Mlango ukafunguka taratibu, kama unavyofunguliwa na mtoto mwenye adabu. Aline akakohoa, akafumbua macho, akaomba uji. Tharsisi akaanguka magotini, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Winifrida hakushukuru. Alikuwa anasikiliza nje, njiani, ambako mtoto alikuwa anakwenda zake huku akilia, kilio cha kwikwi cha mtoto asiyejua alichokosa, kikishuka bondeni kuelekea mpakani, hadi kikapotea.

"Bi Tunu," akauliza, "majini hulia?"

Bi Tunu alikuwa ametoa majini mengi, Pangani na hapa Kasulu. Yanayotukana, yanayocheka, yanayodai damu. Akainama kukusanya makaa yake, wala hakumtazama usoni.

"Mpe mtoto uji," alisema.