Siafu wa Uani kwa Chausiku

Kwa kufua, pale Chanika, Chausiku hana mpinzani. Kila Jumamosi hupanga mabeseni uani, kati ya nyumba na banda la kuku, na maji humwaga bila ubahili. Binti yake Salma, mwenye miaka mitano, humsaidia kukamua soksi.

Kasoro ilikuwa moja tu: siafu. Kila ardhi ilipolowa, miguu mitupu ilichonyota. Chausiku alimwaga majivu. Mume wake, Mudathir, akamwaga mafuta ya taa. Wapi! Siafu hawakuhama.

Jumamosi moja Salma aliruka juu na kulia. "Mama, wananing'ata!"

Jirani yao Vaileth alikuwa amekuja kununua mayai. Vaileth ni fundi umeme mwenye leseni. Waliomcheka alipokwenda kusomea ufundi, leo ndio wanaompigia simu taa zikizimika.

"Shikamoo mama Salma. Mtoto ana nini?"

"Marahaba. Siafu hao, wametushinda."

Vaileth aliinama. "Mbona siwaoni?"

Chausiku naye akatazama. Kweli, hata mmoja! Miezi mitatu amepigana na wadudu ambao hajawahi kuwaona.

"Tokeni kwenye maji, nyote wawili," alisema Vaileth. "Banda linapata wapi umeme?"

"Waya umepita hapa chini. Baba Salma aliufukia mwenyewe."

Vaileth aliingia ndani haraka, akazima swichi kubwa. Mudathir akatoka mbio bandani. "Nani kazima? Vifaranga wangu watakufa kwa baridi!"

"Shikamoo baba Salma. Umeme unavuja ardhini. Vifaranga wawashie jiko la mkaa, ila madirisha yawe wazi."

"Waya ule nimeufukia mie! Hauna tatizo."

"Waya una kiungo, mahali ulipoungwa?"

Mudathir alisita. "Ulikuwa mfupi. Nikaunga, nikafunga na mfuko wa plastiki."

"Kina gani?"

"Kama shubiri moja."

Walifukua taratibu, umeme ukiwa umezimwa. Plastiki ilikuwa imeoza. Shaba ilikuwa wazi, palepale aliposimama Salma. Mudathir alikaa chini kwenye tope. Chausiku alimkumbatia binti yake.

"Tutauhamisha," alisema Vaileth. "Hapa pana maji kila mara. Utapita kando ya ukuta, mbali na maji. Tunaweka waya mpya, usio na kiungo, uliotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa. Unakaa ndani ya bomba, kina cha futi mbili na nusu. Juu tunaweka mchanga, halafu utepe wa manjano. Atakayechimba kesho atauona utepe kabla jembe halijagonga waya. Na ndani tunafunga breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja."

"Na ule waya wa kutoka kwenye nguzo?" aliuliza Chausiku.

"Ule hata mie siugusi. Mpaka kwenye mita ni mali ya shirika la umeme. Ukitaka uhamishwe, unawaita wao."

Mudathir alichimba mtaro siku mbili, jasho likimtoka. Chausiku alishika kamba ili mtaro unyooke. Vaileth alilaza waya, akaupima kwa kifaa chake, na ndipo akaruhusu udongo urudishwe. Chausiku hakuishia hapo. Alipima hatua kutoka ukutani, akachora njia ya waya kwenye karatasi, akaibandika kando ya swichi kubwa. Mchoro huo anauringia mpaka leo, na mgeni hanywi chai kabla hajaonyeshwa.

Mwezi uliofuata, jirani mwingine, Kamugisha, alianza kufukia waya wa kwenda kwenye kibanda chake cha kinyozi. Mudathir alichungulia juu ya ukuta, akamwona.

"Braza, simama kwanza. Kina hicho hakitoshi. Na hapo umeunga."

Kamugisha alicheka. "Acha zako bwana! Si hata wewe ulifukia hivihivi?"

Mudathir alikohoa. Watu wawili barabarani walikuwa wanasikiliza.

"Nilifukia hivyo, na nilikosea," alisema kwa sauti. "Nusura nimuue mwanangu. Weka jembe chini, nimwite Vaileth."

Kamugisha akaweka jembe chini.

Chausiku alikuwa anaanika nguo. Katika miaka minane ya ndoa, alikuwa hajawahi kusikia neno "nilikosea" likitoka kinywani mwa mume wake. Alisimama na shuka mkononi, kifua mbele. Hata siku ya harusi yao hakujivunia kuwa mke wa Mudathir kama siku ile.